Silinda ya Tatu

Mlolongo,
Jumatatu, 3 Februari 2025

Kwako Kisilu,

Polisi waliliachia gari lako la Pijo Ijumaa. Nimelivuta kwa lori la Mutua hadi hapa karakana ninapofanyia kazi, na liko chini ya bati, halinyeshewi.

Ripoti ya mkaguzi ni ukurasa mmoja. Breki nzima, usukani mzima, matairi manne mazuri, injini inazunguka. Chini ameandika kwamba gari halikuwa na kasoro kabla ya ajali. Hiyo ndiyo karatasi itakayokufunga.

Wewe umesema tangu siku ya kwanza kwamba magurudumu ya nyuma yalijifunga yenyewe kwenye mteremko wa Mutituni, Pijo likageuka ubavu na kumgonga mwalimu Kamanthe akiwa amesimama kando ya barabara. Shahidi wa polisi anasema ulikuja mbio ukapiga breki. Alama za tairi zipo kwenye lami, lakini hazisemi gurudumu lilifungwa na nini. Injini ikikamata ikiwa kwenye gia, magurudumu ya nyuma yanakufa hapo hapo. Ikipoa inaweza kuachia, na mtu akija kesho yake ataizungusha na kuandika kwamba ni nzima. Nimeona hivyo mara mbili kwenye malori.

Kwa hiyo nitaifungua. Nitaanza chini, kwa kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Injini hii tuliijenga mimi na wewe kwa Mzee Justus aliyetufundisha kazi, Agosti 2022, na ninajua tulivyoiacha. Ninachotaka kujua ni nani ameifungua baada yetu. Niandikie jina na mwezi. Kesi inasikilizwa tarehe 11 Machi, tuko na wiki tano.

Kuhusu bondi ya kukutoa, hakuna jipya. Hati ya shamba la Kivaa bado iko kwa jina la babu na mahakama haimtambui marehemu.

Mwaitu anakusalimu. Mama wa watu anaamini uko kwenye semina. Sijamwambia vingine.

Dada yako,
Mutheu

*

Mahabusu, Machakos,
8 Februari 2025

Mutheu,

Nimepata barua yako. Usifungue hiyo injini.

Sikia. Kuna mtu wa Masinga anaitaka hiyo gari vile ilivyo. Muuzie. Unaifungua upate nini? Ukifungua kitu bila polisi kuwa hapo, mahakama itasema wewe ndiwe uliweka. Humu ndani kuna watu wanajua sheria kuliko mawakili, nimewauliza, wote wameniambia hivyo.

Huku tuko wengi, tunalala kwa zamu. Niko sawa. Kikohozi kimepungua.

Kama ni lazima ujue, Justus aliingia chini ya gari mwaka jana mwezi wa nne. Sampu ilikuwa inavuja mafuta. Lakini sitaki vita na mzee. Wacha iende. Uza gari.

Barua zinasomwa na ofisa kabla ya kufika kwangu, na zangu pia. Andika mambo ya nyumbani.

Kisilu

*

Mlolongo,
17 Februari 2025

Kwako Kisilu,

Nimeifungua. Ofisa akisoma hii, asome vizuri.

Jumamosi nilitoa sampu. Mafuta yalikuwa meusi yenye kumetameta. Nikalegeza nati zote nane zinazofunga konrodi kwenye kranki, nikatoa vifuniko vyake kimoja kimoja. Silinda ya kwanza, ya pili na ya nne ziko vizuri kwa umri wake. Ya tatu, beringi zake zimezunguka ndani ya konrodi na kuyeyuka zikashika kranki. Nyuma ya beringi, mahali ambapo hapatakiwi kuwa na kitu hata unywele, kuna bati. Limekatwa kwa mkasi kutoka kwa mkebe wa mafuta ya kupikia. Nusu ya picha ya alizeti bado inaonekana.

Unajua maana yake. Mtu alikuta kranki imelika, hakuwa na beringi za saizi yake, akajazia kwa bati ili isigonge. Bati lilisogea, likaziba tundu la mafuta. Kwa hiyo ulisema kweli. Gari lilijifunga lenyewe.

Nilikaa chini kwenye sakafu, nikacheka peke yangu. Wenzangu walidhani nimepatwa na kitu.

Jana baada ya kanisa nilienda kwa Justus. Alikuwa na wateja watatu. Hata hakunipa nafasi ya kusalimu.

"Leo umekuja na mdomo tu? Spana umeacha wapi?"

Nikamwekea lile bati kwenye meza yake. Nikamwambia, "Mzee, hii ndiyo ilimuua mwalimu Kamanthe. Hii ni kazi ya mkono wako."

Mteja mmoja akasema, "Haki, msichana, huyu ni mzee." Nikamjibu kwamba mzee akitia bati kwenye injini ya watu, ni muuaji mwenye mvi. Niliyasema hayo kwa sauti, Kisilu. Fundi wa jirani aliacha kugonga akaja kusimama mlangoni.

Justus aliligeuza bati mara mbili, akalivalia miwani. Kisha akaliweka chini na kuniuliza kama nimeshakunywa chai. Nilitoka.

Nitaandika taarifa yangu na kuipeleka kwa ofisa mpelelezi pamoja na jina lake.

Mutheu

*

Machakos mjini,
20 Februari 2025

Kwa binti wa Ndunda,

Mimi si mtu wa barua, lakini simu yangu huipokei, na nilichonacho kinahitaji ukae chini.

Uliniita muuaji mbele ya watu. Tangu Jumapili wateja wawili wamekuja kuchukua magari yao bado yamefunguliwa. Mmoja alibeba gaboksi ya gari lake mwenyewe kwa mkokoteni. Hilo tutalizungumza siku nyingine.

Mwaka jana mwezi wa nne nilikuwa nimelazwa kwa ajili ya mguu. Nililala wiki sita. Karakana ilifungwa na funguo zilikuwa kwa mke wangu. Uliza mtu yeyote hapa, hata wale wasionipenda. Gari la kaka yako sijaligusa toka lilipotoka kwangu mikononi mwenu.

Sasa sikiliza kama ulivyokuwa unasikiliza zamani. Kila fundi ana namna yake ya kuonyesha kwamba nati imeshakazwa. Mimi napiga alama kwa tindo. Wewe ulikuwa ukichovya kile kiburashi cha rangi ya kucha na kudondosha tone jekundu, nusu kwenye nati na nusu kwenye kifuniko. Nilikucheka, nikasema injini yangu inaenda harusini. Hukujali, uliendelea.

Hilo tone likikauka, nati haiwezi kugeuka bila kulipasua. Nenda uangalie nati zako za silinda ya tatu. Kama palipasuka zamani, mafuta yameingia kwenye ufa na pamekuwa peusi. Kama wewe ndiwe wa kwanza kulipasua, ndani patakuwa pekundu safi.

Halafu ukumbuke ni nani alipanga beringi siku hiyo na ni nani alikaza. Mimi nilikuwa nimeenda mazishi Mwala. Mlikuwa wawili.

Chai bado ipo.

Justus

*

Mlolongo,
22 Februari 2025

Kisilu,

Nilikuwa nimelegeza nati zikiwa zimejaa matope ya mafuta, na nikaziosha baadaye bila kuangalia. Leo nimeangalia kwa kioo cha kukuza. Nati mbili za silinda ya tatu, ndani ya ufa ni pekundu safi.

Hakuna aliyefungua baada yangu.

Wewe ulipanga beringi. Mimi nilikuja nyuma yako na spana. Unajua desturi ya pale: anayekaza hainui kazi ya mwenzake kuangalia chini yake, kwa sababu kuiinua ni kumwambia humwamini. Sikuinua. Nilikaza juu ya bati na kutia alama yangu.

Niambie ulijua.

Mutheu

*

1 Machi 2025

Mutheu,

Hii haijapita kwa ofisa. Muthoka, mwenzangu wa humu mahabusu, ametoka leo, ameiweka ndani ya soksi. Ukimaliza kusoma ichome. Ile yako ya juzi ofisa aliisoma mbele yangu, polepole, halafu akaniuliza, "Dada yako ni fundi kweli?" Nikamwambia ni maneno ya wanawake. Nisamehe kwa hilo.

Nilijua.

Ile kranki ilitoka kwa mtu wa kuchonga ikiwa imechongwa vibaya, sehemu ya silinda ya tatu ilikuwa imelika kupita kiasi. Beringi za saizi hiyo hazikuwepo Machakos nzima, Nairobi waliniambia wiki mbili. Wewe ulikuwa umeenda kununua gaskiti. Nilikata bati, nikapanga, nikaizungusha kwa mkono, ikazunguka laini. Uliporudi ulikuwa na furaha sana. Ilikuwa injini yako ya kwanza kukaza kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikasema msimu wa tikiti maji ukiisha nitaifungua niirekebishe kimya kimya. Msimu ukaisha, ikawa inatembea. Mwaka mmoja, miwili. Mtu huacha kuogopa. Sikusahau, niliacha tu kuogopa.

Kuna lingine, na hili sijamwambia mtu. Siku ile nilisikia ikigonga toka Tala. Kidogo, tok tok, ukikanyaga mafuta. Nilijua ni ya tatu. Nilikuwa na mzigo wa tikiti maji kutoka Masinga na mnunuzi alikuwa ameshapiga simu mara nne, akisema atachukua za mtu mwingine. Nikapunguza mwendo, nikazima redio nisikie vizuri. Nilikuwa kwenye arobaini. Nilipoanza mteremko ikaacha kugonga, nikasema asante Mungu. Halafu nyuma ikafunga. Nilikanyaga klachi, lakini gari lilikuwa limeshageuka. Nilimwona yule mama uso wake. Alikuwa ameshika vitabu vya watoto.

Kuhusu Justus, nilidanganya kwa sababu nilitaka uache. Nilijua ukifungua utaiona ile rangi yako ya kucha. Sikufikiria utamwendea mzee mbele ya watu.

Sasa nimeamua. Tarehe 11 nitakubali kosa. Nikikubali hakuna ushahidi utakaoitwa, hakuna atakayeuliza injini ilifungwa na nani. Wewe uko na kazi, na Mwaitu ako na wewe. Tukiwa wawili humu ndani nani atampikia?

Usilete kitu chochote mahakamani. Nakuomba kama ndugu yako mkubwa.

Kisilu

*

Mlolongo,
8 Machi 2025

Kisilu,

Muthoka alinipata Alhamisi, amezungukazunguka karakana tano za Mlolongo akiniuliza kwa jina la baba. Sijaichoma.

Hii naituma kwa njia ya kawaida na ofisa anakaribishwa. Usikubali kosa Jumanne. Ukikubali, mwendesha mashtaka atasoma maelezo ya polisi na utaulizwa kama ni ya kweli, na itabidi useme kwamba ulikuwa kwenye tisini ukapiga breki. Hilo si kweli. Lililo kweli ni baya vya kutosha, huna haja ya kuongeza.

Nimeandika taarifa ya kurasa nne. Bati, beringi, nati, nani alipanga, nani alikaza. Nimeandika pia kwamba nilifungua injini bila polisi, nikaweka picha zote kwa mpangilio. Ofisa mpelelezi alinisikiliza jana, akasema, "Madam, unajua unajiandikia mashtaka?" Nikasema najua kuandika. Hakuipokea. Ameniambia niilete mahakamani Jumanne asubuhi, mwendesha mashtaka aamue.

Nilienda kwa Justus. Nilisema mbele ya fundi wa jirani na mbele ya yule mteja aliyenikemea, kwa sauti ile ile niliyotumia mara ya kwanza. Nilimwambia nilikosea, na kwamba bati lilikuwa la kwetu. Alisema, "Sauti unayo, hiyo hakuna atakayekunyima." Gaboksi iliyoondoka kwa mkokoteni haijarudi. Hakunisamehe, na sikumwomba haraka. Alinipa chai, nikainywa.

Nikitoka pale nilikutana na Josphat, mume wa mwalimu Kamanthe. Alikuwa amesikia kwamba ninafungua gari. Ni mtu mfupi, anaongea chini. Hakuuliza nani alaumiwe. Aliuliza jambo moja tu: "Huyo kaka yako, alijaribu kusimama au hakujaribu?" Polisi wamemwambia ulikuwa unashindana na gari lingine. Nilishindwa kumjibu kwa sababu jibu lako lilikuwa mfukoni mwangu, na uliniambia nilichome.

Usiniokoe. Tangu mwanzo hukuniuliza kama nataka.

Jumanne nitakuwa kwenye korido ya mahakama saa mbili.

Mutheu

*

Mahabusu, Machakos,
11 Machi 2025

Mutheu,

Barua yako nimepewa leo saa saba mchana. Ilikuwa kwenye meza ya ofisa tangu jana.

Hawakutupeleka mahakamani. Walituweka kwenye chumba chenye skrini, tukaitwa mmoja mmoja. Mimi nilikuwa wa tatu, saa tatu na dakika kumi. Nilikuwa namwona hakimu, nusu ya meza ya karani na upande wa mwendesha mashtaka. Korido sikuiona. Sikujua kama umefika.

Nilikubali. Wakasoma maelezo. Kilomita tisini kwa saa. Kupita gari lingine kwenye mteremko. Breki ya ghafla. Hakimu akauliza, "Maelezo haya ni ya kweli?" Sauti ilikuwa inakatika, akarudia mara ya pili, polepole, kama mtu anayenipa nafasi. Nikasema ni ya kweli.

Kulikuwa na mtu nyuma ya mwendesha mashtaka, amevaa koti la kahawia. Niliposema ni ya kweli alisimama akatoka kwenye skrini. Nadhani ni mume wake.

Hukumu ni tarehe 26. Hakimu amesema familia ya marehemu itapewa nafasi ya kusema kabla.

Nilidhani nikishamaliza nitalala. Nimeulizwa na wenzangu kwa nini nazunguka chumba na nimeshakubali. Nilimpa yule mtu uongo, Mutheu. Alikuja kutafuta neno moja, nami nikampa kilomita tisini.

Sijui sasa kinafanywa nini. Wewe ndiwe unajua kuandika.

Kisilu

*

Mlolongo,
14 Machi 2025

Kwa Bwana Josphat,

Mimi ni Mutheu Ndunda, dada wa Kisilu. Tulikutana Ijumaa iliyopita nje ya karakana ya Justus, ukaniuliza swali, nami sikukujibu. Jumanne ulipita mbele yangu kwenye korido ya mahakama. Nilikuwa nasubiri kuitwa tangu saa mbili, nimeshika mfuko wa nailoni. Ndani yake kulikuwa na vipande vya injini na karatasi nne. Karani alikuwa ameshaniambia faili imefungwa, kwamba mtu akikubali kosa hakuna ushahidi unaohitajika. Ulikuwa unalia, sikuweza kukusimamisha.

Uliyoyasikia kutoka kwa kaka yangu si ya kweli. Hakuwa kwenye tisini na hakuwa akipita gari lolote. Alikuwa kwenye arobaini. Injini ilikamata na kufunga magurudumu ya nyuma. Alikanyaga klachi ili yaachie, akachelewa. Alijaribu kusimama. Hilo ndilo jibu la swali lako.

Lakini sitakupa nusu. Injini ilikamata kwa sababu kaka yangu aliweka kipande cha bati nyuma ya beringi mwaka 2022, na mimi nilikaza nati juu yake bila kuangalia. Siku ya ajali aliisikia ikigonga kutoka Tala. Alijua ni nini. Angeweza kusimama Tala na mke wako angevuka barabara na vitabu vyake akafika nyumbani. Hakusimama kwa sababu ya mzigo wa tikiti maji. Alidanganya mahakamani ili mimi nisiguswe. Hakudanganya ili kujisaidia.

Barua yake ya tarehe mosi Machi, ambamo aliniandikia haya kwa mkono wake, iko ndani ya bahasha hii. Ni yenyewe, si nakala. Nimeipiga picha, lakini hii ni yako. Unaweza kumpa mwendesha mashtaka, wakili, au mtu yeyote. Najua inaweza kumwongezea miaka. Najua pia inaweza kunifungulia kesi mimi, na mama yetu ana miaka sabini na sita na hajui lolote. Sikuandikii ili utuhurumie.

Tarehe 26 utaulizwa useme. Sina haki ya kukuambia useme nini. Nakuomba tu usiseme juu ya mtu aliyekuwa akishindana barabarani, kwa maana mtu huyo hakuwepo.

Nitakuwa mlangoni pa mahakama saa mbili asubuhi na ule mfuko na zile karatasi nne. Nitamwomba hakimu anisikilize kabla hajasoma hukumu. Kama hutaki niingie, niambie hapo hapo uso kwa uso. Nitakusikiliza mpaka umalize. Kisha nitaingia.

Mutheu Ndunda
Karakana nyuma ya mizani, Mlolongo